MREJESHO: Moyo kwenda mbio na hofu ya kupanda daladala

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwaeleza jinsi moyo unavyonienda mbio, mikono inatetemeka na nahisi nakufa kila nikipanda daladala ya Nkuhungu kwenda mjini. Vipimo vya moyo vilikuwa safi. Wengi mkasema nimelogwa, wachache mkaniambia nitafute mshauri nasaha.

Nilikwenda, lakini nilisitasita sana. Hapa Dodoma ukitaja afya ya akili mtu anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, basi ushaitwa chizi. Jamani, tuache hilo, linawaumiza watu.

Dada aliyenipokea alinisikiliza kwanza, bila haraka. Kisha akanieleza kwamba mwili unapohisi hatari humwaga homoni iitwayo adrenalini: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka. Kwangu king'ora kilikuwa kinalia bila moto. Na kila niliposhuka njiani kukimbia hofu, ubongo ulijifunza kwamba daladala kweli ni hatari. Hapo nililia. Miaka 2 nilikuwa nailisha hofu mwenyewe bila kujua.

Tukaanza kidogo kidogo: kupumua nje taratibu, kuandika ninachowaza, kupanda kituo 1, kesho yake 2. Hofu ikija sishuki, nasubiri ipande mpaka ishuke yenyewe.

Jumamosi nimefika Soko la Majengo bila kushuka njiani. Usiku bado wasiwasi hunijia, na vikao vinaendelea. Mama mmoja aliniandikia kwamba mwanawe ana hali hii: mama, mpeleke, usimwambie ajikaze.