Masundosundo yamerudi baada ya kuchomwa: nifuate tiba gani?

Muulizaji: Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita nilipigwa ganzi nikachomwa masundosundo (chunjua za sehemu za siri) kwa umeme, nikaamini yamekwisha. Wiki hii nimeona mengine matatu madogo kando ya kovu. Je, matibabu yalikosewa, au ipo dawa ya kuyamaliza kabisa? Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, naye ameota mawili, na ananiuliza nimeyatoa wapi.

Jibu la 1: Pole sana, ndugu. Mimi ni tabibu, na kwa maelezo yako sioni kosa. Kuchoma, kukata na kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika huondoa chunjua inayoonekana, lakini kirusi cha HPV, ambacho aina zake za 6 na 11 ndizo chanzo cha takribani asilimia 90 ya masundosundo, huweza kubaki katika ngozi ya jirani inayoonekana safi, na ndiyo maana kurudi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ni jambo la kawaida. Kwa machache kama yako, zipo dawa za kupaka nyumbani baada ya daktari kukuandikia. Podofilotoksini ya asilimia 0.5 hupakwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, ukapumzika siku 4, na mzunguko huo huweza kurudiwa hadi mara nne. Krimu ya imikwimodi ya asilimia 5, inayoamsha kinga ya mwili, hupakwa usiku mara tatu kwa wiki na kuoshwa asubuhi, kwa muda usiozidi wiki 16; ni safari ndefu, na ngozi huwasha na kuwa nyekundu, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Jibu la 2: Naongezea kuhusu mama mjamzito, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari: asiguse podofilotoksini hata kidogo. Kliniki inaweza kumgandishia, au kumpaka asidi ya trikloroasetiki, kazi ambayo hufanywa na mhudumu mwenyewe. Kuwa na masundosundo peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji, isipokuwa yakiwa makubwa kiasi cha kuziba njia au kuweza kutoa damu nyingi.

Jibu la 3: Nakusihi usifanye nilivyofanya mimi, niliyejipaka dawa ya chunjua za miguuni nikaungua vibaya. Nendeni wote wawili mkapime kaswende na VVU, maana kaswende nayo huotesha vivimbe vinavyofanana na hivyo, na tiba yake ni tofauti kabisa.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na lile swali la mke wangu?

Jibu la 1: Mwambie kwamba kirusi hiki huweza kukaa kimya miezi mingi, hata miaka, kabla ya chunjua kutokea, hivyo hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha nani alimwambukiza mwenzake wala lini. Mwende naye kliniki, ausikie mwenyewe kutoka kwa mhudumu.