Gravity Probe B: nyota waliyoilenga nayo inasogea, walijuaje?

Chande_Kidato6
Shikamooni wakuu. Nasoma kuhusu Gravity Probe B, setilaiti iliyorushwa Aprili 2004 kupima nadharia ya Einstein. Darubini yake ilikuwa ikilenga nyota IM Pegasi, halafu wakaangalia mihimili ya jairoskopu nne (vimpira vinavyozunguka kwa kasi) imehama kiasi gani kutoka kwenye nyota hiyo. Lakini nyota nayo inatembea! Nani kahakikisha kilichohama ni jairoskopu?

Bikoni_Dodoma
Marahaba kijana. Swali tamu hilo kwa mzee wa upimaji ardhi kama mimi. Bikoni ikisogezwa, viwanja vyote ulivyopima kutokea hapo vimeharibika.

Digrii moja igawe kwa 3,600, upate sekunde ya tao. Hiyo nayo igawe kwa 1,000. Kwa vipande hivyo, nadharia inasema mhimili utahama 6,606 kwa mwaka kwa kuwa Dunia inapinda anga-wakati (anga na wakati vikichukuliwa kama kitu kimoja), na 39 tu kwa kuwa Dunia ikijizungusha inaiburura. Kesi iko kwenye hiyo 39. IM Pegasi yenyewe inasogea karibu 34 kwa mwaka, na upande wa mashariki-magharibi peke yake ni karibu 21. Upande huohuo wa ile 39! Usipoitoa, umepima nyota ukadhani umempima Einstein.

Ndipo wakaingia watu wa redio, yaani wanaastronomia wanaonasa mawimbi ya redio ya nyota, kundi la Irwin Shapiro na Norbert Bartel: vipindi 35 vya vipimo kati ya 1997 na 2005. Madishi yaliyoachana maelfu ya kilomita yanasikiliza nyota kwa wakati mmoja, kila kituo na saa yake ya atomi, kisha rekodi zinaunganishwa. Walikuwa wakigeuka kila mara kwenye kwasa 3C 454.3, kiini king'avu cha galaksi iliyo mbali mno, iwe ndiyo bikoni yao. Nayo hawakuiamini hivihivi, maana hurusha vipande vya mada, na hivyo vinaweza kuonekana kama kwasa yenyewe imesogea. Wakaihakiki kwa vyanzo vingine viwili vya mbali. Hapo nilivua kofia.

Nyota nyingi hazisikiki kabisa redioni. Hii inasikika kwa sababu ya milipuko yake ya sumaku. Ila ina mwenzake, wanazungukana kwa siku kama 25, kwa hiyo inayumba. Na sisi huku tunalizunguka Jua. Vyote hivyo vilitolewa kwenye hesabu.

NuruYaUsiku
Mkuu, si wangeielekeza setilaiti kwenye kwasa moja kwa moja, yaishe?

Bikoni_Dodoma
Haiwezekani. Darubini ya setilaiti ilikuwa ya mwanga wa kawaida, upana sentimita 14. IM Pegasi unaweza kuiona kwa macho matupu ukiwa porini kwenye giza totoro. Kwasa ile ni hafifu kupita kiasi kwa kidarubini hicho. Kwa hiyo nyota ilikuwa daraja: setilaiti inaiona kwa mwanga, madishi yanaifunga kwenye kwasa kwa redio.

Chande_Kidato6
Asante mzee. Majibu yalitokaje?

Bikoni_Dodoma
Yalitangazwa 2011: 6,602 na 37. Shaka ni 18 kwa ile kubwa, 7 kwa ile ndogo. Saba kwenye 37 si haba, na wengi waliguna. Lakini usiwalaumu watu wa redio, wao mwendo wa nyota waliupata kwa shaka isiyofika hata 0.2. Kilichosumbua ni madoa ya chaji za umeme kwenye vile vimpira vya jairoskopu na makasha yake.