Mrejesho: Altezza imeondoka, nimechukua RAV4

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza: tumepata mapacha, je, niuze Altezza yangu, ile Toyota ya chini ya spoti, na nichukue gari gani? Wengi mlisema Forester, wachache RAV4, na mmoja akashauri niuze mapacha. Huyo nimeshamsamehe.

Imeuzwa. Ilikuwa RS200 yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Kijana kutoka Morogoro alikuja na fundi wake, akalala chini ya gari nusu saa akimulika bushi na difu kwa tochi ya simu. Alianza na milioni 9, tukakutana kwenye 11. Alipoondoka, mlio wa ekzosi niliusikia mpaka ulipopotea kona ya dukani. Mke wangu alinikuta napangusa macho. Nikamwambia vumbi.

Forester niliijaribu, tamu kweli, ila ya turbo ingenirudisha kulekule kwenye kula mafuta mengi kama Altezza. Nimechukua RAV4 ya 2003, cc 1800, injini ya 1ZZ. Ile yenye injini ya D4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, fundi wangu aliikataa: ukiwekewa mafuta machafu, pampu na nozeli zinaanza kusumbua. Yangu inavuta kwa magurudumu ya mbele tu, lakini matuta ya Goba, Dar, ambayo Altezza ilikuwa ikiyavuka kwa ubavu na bado inakwaruza, hii inapita bila habari. Viti viwili vya watoto vinaenea nyuma.

Mlimani inahema kama mzee, sitawadanganya.

Kichwa cha gia cha Altezza, kile unachoshika ukibadilisha gia, nilikichomoa nikamwekea jamaa kingine. Kipo kwenye droo, chini ya nepi.