Tupeane uzoefu: kusafisha na kuskani filamu za zamani zilizokaa miaka bila kusafishwa

Kaseti35
Wadau, uzi huu ni wa filamu zilizopigwa zamani zikasahaulika kwenye droo, au bado zimo ndani ya kamera. Kusafisha hapa ni kuitoa picha kwenye filamu kwa dawa, si kufuta vumbi. Mwenye ujuzi aweke aina ya filamu, dawa, joto, muda na mahali mambo huharibika.
Naanza: usifungue mgongo wa kamera. Bonyeza kitufe cha chini kinachoachia mkanda, kisha zungusha kipini cha kurudishia mpaka kiwe chepesi ghafla. Kikigoma usikilazimishe, maana filamu kavu hukatika kwenye matundu ya ukingoni. Ingiza kamera kwenye mfuko wa giza (usiopitisha mwanga), uitoe filamu kwa mkono.

TaaNyekundu
Soma kwanza maandishi ya kaseti, yanataja aina ya usafishaji. C-41 (negativi za rangi, tangu 1972) na E-6 (slaidi, tangu 1976) bado zinasafishwa. Ukikuta C-22 (usafishaji wa negativi za rangi uliotangulia C-41), usikubali iingie kwenye mashine ya C-41. Dawa ya C-41 hufanya kazi kwenye nyuzi 37.8, ilhali utando wa filamu ya C-22 ulitengenezewa nyuzi 24 hivi. Kwenye joto lile hulainika, hubanduka, na vipande vyake huchafua filamu za watu wengine.
Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, nayo ina mambo yake. Usafishaji wake, K-14, ulikoma mwisho wa 2010, na rangi zilikuwa zinaongezwa wakati wa kusafisha, hazikuwamo kwenye filamu. Rangi sahau. Picha ya nyeusi-nyeupe inapatikana.
Kosa baya kuliko yote ni filamu ya kawaida ya nyeusi-nyeupe kupitishwa C-41: dawa ya kung'arisha na fiksa (dawa ya kukazia picha) huondoa fedha yote, ambayo ndiyo picha yenyewe, unarudishiwa plastiki tupu. XP2 ya Ilford, ingawa ni ya nyeusi-nyeupe, haimo kwenye onyo hili, yenyewe ni ya C-41.

Mdadisi
C-41 ya miaka 25 niombe waongeze muda?

TaaNyekundu
Hapana. Dakika 3 na sekunde 15 zilezile. Ukiongeza muda, ukungu hukua haraka kuliko picha.

Birika
Ukungu ndio adui mkuu, yaani weusi unaotanda filamu nzima hata pasipopigwa picha. Joto na miaka huuleta, na filamu zenye kasi kubwa (zinazoshika mwanga upesi) huumia zaidi. Kwa nyeusi-nyeupe, na kwa C-22 na Kodachrome zinazosafishwa kama nyeusi-nyeupe, dawa ya HC-110 ni chaguo zuri kwa sababu huleta ukungu mdogo. Changanya sehemu 1 kwa 31 za maji: kwa tangi la mililita 500 ni kama mililita 16 za dawa. Nyuzi 20, anzia dakika 5 au 6.
Neno "anzia" nimelitumia makusudi. Kata sentimita chache gizani, safisha kipande hicho kwanza, uone. Kikitoka cheusi kabisa, ongeza kemikali ya benzotriazoli kidogo kwenye dawa. Hupunguza ukungu lakini hula pia kasi ya filamu, kwa hiyo usimimine ovyo.
Muda wa fiksa usikisie. Tumbukiza kipande cha ulimi wa filamu (ncha ya mwanzo isiyo na picha) kwenye fiksa, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, zidisha mara mbili.
Kodachrome ina tabaka jeusi la kaboni mgongoni. Iloweke kwenye maji ya boraksi, gramu 20 hivi kwa lita, tikisa, suuza mpaka weusi uishe, masalio futa kwa sponji laini baada ya fiksa.

Kaseti35
Nyongeza kwa anayesoma jina la TaaNyekundu: kwenye filamu hizi taa nyekundu haifai. Giza totoro.

Mkono_Gizani
Filamu iliyojikunja miaka mingi hukataa kuingia kwenye rili ya plastiki (gurudumu la kuishikia filamu ndani ya tangi). Rili iwe kavu kabisa, na kata pembe mbili za mwanzo wa filamu ziwe mviringo. Za 120 (filamu pana inayoviringishwa pamoja na karatasi), utepe unaoshika karatasi ubandue polepole. Ukiuvuta kwa nguvu hutoa cheche za umeme tuli zinazoonekana kwenye picha. Filamu ya 620 ni ileile ya 120, tofauti ni kigurudumu inachozungushiwa tu. Ya 126 ivunjie kaseti gizani, upana wake ni wa milimita 35, itakaa kwenye rili ya kawaida.

Pikseli
Kuskani: chagua biti 16 na faili ya TIFF (isiyopunguza ubora), zima marekebisho ya kiotomatiki, kwa sababu skana hudhani ukungu ni sehemu ya picha. Weka mwenyewe mipaka ya nyeusi na nyeupe. Kwa filamu ya milimita 35, nukta 3200 kwa inchi hutoa takriban pikseli 4500 upande mrefu. Kipengele cha skana cha kuondoa vumbi kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kizime kwenye nyeusi-nyeupe: fedha huizuia infraredi, programu ikaiona picha yenyewe kama uchafu.

Mdadisi
Na ikitoka tupu?

Birika
Angalia ukingoni. Majina na namba za kiwanda zikionekana lakini fremu hakuna, dawa ilifanya kazi ila filamu haikupigwa mwanga. Ukingo nao ukiwa mtupu kama kioo, shuku dawa, au fiksa ilitangulia.