Ubongo wa mtoto huanza lini? Mke wangu ana wiki saba

Muuza Parachichi, Tukuyu:
Shikamooni wakubwa. Jana kliniki nesi kampa mke wangu FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, huku kanuna: "Mmechelewa." Mimi nilidhani ubongo huumbwa mwishoni, kichwa kikishakua. Tumechelewa nini?

Nesi Mstaafu, Uyole:
Marahaba mwanangu. Chukua chapati ya maji, ikunje. Ubongo unaanza hivyohivyo. Wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, mgongoni mwa kiinitete panakuwa na utando bapa. Kingo zinainuka, zinakutana, zinashikana kuwa mrija. Kufikia siku ya 28 hivi umeshafungwa pande zote mbili. Mbele unavimba sehemu tatu, ndio ubongo. Kilichobaki ni uti wa mgongo. Usipofungwa kwa chini, ni mgongo wazi. Foliki asidi hupunguza hatari hiyo, ndiyo maana humezwa tangu kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Na wiki saba zenu zimehesabiwa toka hedhi ya mwisho, kwa hiyo mtoto ana kama tano. Mrija ulishafungwa. Ila vidonge ameze, damu inahitaji madini ya chuma. Asishushie na chai, inazuia madini hayo kuingia vizuri mwilini.

Mama Pacha, Mafinga:
Wangu alizaliwa na huo mgongo wazi, uvimbe kiunoni kama limau. Alipasuliwa, sasa yuko la nne, anatembea kwa magongo na mdomo haufungi! Msikae na hofu.

Muuza Parachichi:
Asante mama. Chai tena, na huku Rungwe ndiyo maji yetu…