Scania inakula maji na chini hakuna tone, nishaurini wakuu

Mpambanaji_Tunduma: Wakuu, habari za jioni. Scania 124, inapiga Dar–Tunduma. Inakula maji vibaya, kila ikisimama dereva anaongeza, ila chini pakavu. Hosi mpya, klipu zimekazwa zote. Naomba kujua tu, injini ya mtumba siku hizi inasimama bei gani?

Mzee wa Spana: Bei baadaye. Oili ikoje? Moshi? Maji yakivujia kwenye mashine ya moto yanakaukia palepale, yanabaki madoa. Pita na tochi asubuhi kabla hamjawasha. Pampu ya maji ina kitundu kwa chini, sili ikifa yanatokea hapo. Kagua na hita ya kebini, pengine zulia limelowa.

Dada wa Makambako: Mimi Fuso yangu ilianza hivihivi. Fundi alikuwa rafiki wa mume wangu. Fuso sina, fundi hapokei simu, mume ndiye nimebaki naye.

Kibwengo: Uza chuma chakavu, nunua bodaboda mbili.

Mpambanaji_Tunduma: Oili safi, haijawa maziwa. Moshi wa kawaida. Mzee, bei?

Mzee wa Spana: Imewahi kuchemsha? Jibu hilo kwanza.

Mpambanaji_Tunduma: Kidogo, mlimani Kitonga. Mshale uligusa nyekundu, nikamwambia dereva ajikongoje hadi Ilula, mwenye mzigo alikuwa hakati simu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tamostati, ile valvu ya kupitisha maji kwenda rejeta, ilishatolewa zamani kwa hiyo siyo yenyewe. Na injini nimeshaitolea advansi, muuzaji anafunga mwenyewe.

Mzee wa Spana: Kumbe! Hiyo Scania kila silinda ina hedi yake, yaani kifuniko cha juu, na gasketi yake ya kuziba katikati, sita kwa sita. Imepuliza moja, unafungua moja. Injini nzima ya nini? Na kutoa tamostati hakujawahi kuponya gari.

Mama Mchungaji: Unampandisha mtoto wa mwenzio Kitonga na gari inachemsha, kisa simu ya mwenye mzigo? Mnajua barabara ile imeondoka na wangapi.

Kachero: Tulieni. Huyu juzi alifungua uzi humu akitafuta mtaji wa kufuga kware. Leo ana Scania? Chai hii, msipoteze bando.

Kibwengo: 😂😂 Kware wamezaa semi.

Mpambanaji_Tunduma: Kachero una roho mbaya. Gari ni ya shemeji, yuko Muscat, mimi nasimamia. Sijamwambia, nataka akirudi aikute inatembea.

Kachero: Unamnunulia mtu injini bila yeye kujua? Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ndugu. Siku akitaka kuiuza utamweleza nini?

Dada wa Makambako: Na dada yako anajua? Maana hapo mwenye kesi ni yeye.

Mzee wa Spana: Iwe chai au maziwa, nimalizie. Gari ikiwa ya baridi kabisa fungua kifuniko cha tanki la maji, washa, chungulia. Mapovu yakipanda mfululizo usikimbilie hedi. Kompresa ya upepo wa breki inapozwa na maji hayohayo ya injini. Gasketi yake ikipasuka, upepo unaingia kwenye maji, tanki linatapika njiani, mkipaki hamuoni kitu. Chomoa mipira yake miwili ya maji, iunganishe yenyewe kwa yenyewe, washa dakika mbili tu. Mapovu yakikata, kompresa hiyo. Yakiendelea, rudi kwenye gasketi za hedi, silinda moja moja.

Mpambanaji_Tunduma: Mapovu yapo, mengi. Fundi anatafuta mpira wa kuungia. Ila muuzaji kasema advansi hairudi, sasa si bora nifunge tu hiyo injini?

Kachero: Weka picha ya kadi.