Mafuta ya nazi ya kuchachusha yana ukungu na yananuka mapema: kosa liko hatua gani?

Mkunaji_Tanga
Habari zenu wadau. Natengeneza mafuta ya nazi ya baridi, yale ambayo tui linachachuka lenyewe bila kupikwa. Nakuna nazi 30, baadhi bado koroma, nakamua mara tatu kwa maji ya bomba mpaka tui linafika kama lita 15. Ndoo inalala usiku mmoja, asubuhi naengua mafuta, nachuja kwa kitambaa, najaza chupa. Sipati hata lita moja na nusu. Mafuta yana ukungu (si kuvu, hayang'ai tu), na kabla mwezi haujaisha yananuka kama sabuni. Nakosea wapi?

Kifumbu
Mafuta unaanza kuyapoteza kwenye nazi zenyewe. Koroma ina maji mengi na mafuta machache. Chukua nazi za miezi 11 hadi 12, kumbi limeshakuwa la kahawia, ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani. Yenye joya weka kando, kwani ikishaanza kuota mche unakula mafuta yale yale unayoyatafuta. Kila unayoipasua inuse. Moja iliyooza inatosha kuharibu ndoo nzima. Ukikuna, mbuzi asifike kwenye ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, maana ndiyo inayoyatia mafuta umanjano.

Halafu maji ni mengi mno. Nazi 30 zinatoa kama kilo 7 hadi 8 za nazi iliyokunwa, na hizo zinataka lita 4 tu: mbili na nusu mkamuo wa kwanza, moja na nusu wa pili. Yawe yamechemshwa na kupoa hadi uvuguvugu. Mkamuo wa tatu upikie mchuzi. Ukiuchanganya, unaongeza maji kuliko mafuta na tui linachelewa kujitenga. Na ukikuna, uwe tayari kukamua papo hapo, nazi iliyokunwa isilale.

Pwani_Mafuta
Naongezea upande wa ndoo. Vitone vya mafuta ndani ya tui vimevikwa protini, ndiyo maana haviungani. Bakteria wa kuchachusha wanatengeneza asidi, asidi inagandisha ile protini, mafuta yanaachiliwa. Kazi hiyo inataka joto la nyuzi 30 hadi 40 na saa 16 hadi 24. Msimu wa baridi ndoo ikiwa sakafuni, usiku mmoja hautoshi. Iinue juu ya meza, izungushie blanketi. Usiipeleke kwenye joto la kupita 45, bakteria wenyewe watadhoofika.

Tumia ndoo inayopitisha mwanga ili uone matabaka bila kufunua. Chini kabisa kuna masimbi (mashapo), juu yake maji meupe yenye uchachu, kisha mafuta, na juu kabisa utando mzito mweupe. Usikoroge, usihamishe ndoo. Toa utando taratibu kwa upawa wa bapa, ndipo uteke mafuta, na uache kidole kimoja cha mafuta juu ya maji. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kwa kutaka tone la mwisho wanateka na maji. Utando ukionekana wa waridi au mweusi, au ukinuka uvundo badala ya uchachu, mwaga.

Hayo mabaki ya mafuta na ule utando usitupe. Vipike kwa moto mdogo mpaka mlio wa kuchemka ukome na shata (masalia ya utando) ziwe rangi ya dhahabu, uchuje. Ni mafuta ya kupikia, chupa yake iwe mbali na ya baridi.

Mkunaji_Tanga
Ahsanteni sana. Na ile harufu ya sabuni?

Kifumbu
Maji yaliyobaki ndani ya mafuta. Mafuta ya nazi hayaharibiki upesi kwa hewa kama ya alizeti, ila yakiwa na unyevu na vijidudu yanavunjika na kutoa asidi huru, ndiyo harufu hiyo. Kitambaa hakitoi maji. Acha mafuta yatulie siku nzima, mimina ya juu, chuja kwa pamba safi kavu, kisha weka sufuria yake ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto. Mafuta yasizidi nyuzi 60, bila mfuniko, mpaka ukungu uishe wote.

Kupima, teka mafuta kwa kijiko kimoja cha chuma, yapashe motoni humo humo kijikoni. Ikisikika pat-pat, maji bado yamo, rudia. Chupa iwe ya kioo, imekaushwa juani au kwenye oveni, kwa sababu tone lililobaki chini ya chupa linarudisha tatizo lote.

Pwani_Mafuta
Mteja wako wa Lushoto au Arusha akilalamika yamegeuka meupe, usiyarudishe. Chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda. Chupa iwekwe kwenye maji ya uvuguvugu: yakiwa safi yatang'aa, yakibaki na ukungu ni unyevu.